Vikombe Vitatu na Pakiti ya Chumvi

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo kwa majani ya maboga, mchana majani, jioni majani, mpaka watoto wakawa wanachekana meno ya kijani. Maharage tulikuwa nayo, lakini yalikuwa ya mbegu, yamelala ndani ya chungu na majivu yake, na mwanamke aliyeonekana akiyachemsha mwezi ule alihesabiwa kuwa amekata tamaa ya kulima. Mtu wa huku kwetu Titye ukimwambia "mwaka wa majani ya maboga" hakuulizi tarehe. Ndio mwaka alipokuja mama wa vikombe.

Jina lake ninalijua, ila siliandiki. Yeye mwenyewe hakuwa anaandika majina ya watu kwenye karatasi zake, aliandika namba tu. Katika hilo nimemwiga. Yapo mengine ya kwake ambayo ningeyaiga mapema, leo nisingekuwa naandika haya huku nimeinamisha uso.

Alikuwa mtumishi aliyepangiwa kazi Kasulu kutoka mkoa wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Alikuwa na karatasi yenye maswali ishirini na mawili ya kuwauliza watoto: unalala vizuri, unaogopa nini, una rafiki, moyo wako ukoje. Watu walidhani amekuja kuwapima watoto. Alikuwa amekuja kuipima karatasi. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka siku ya chumvi.

Katika mkoba wake kulikuwa na pakiti ya chumvi ya nusu kilo, haijafunguliwa, pembe zake zimechakaa kwa kubebwa. Siku hiyo tulikwenda naye soko la Kasulu kununua maharage, kwenye duka la mzee mmoja mwenye kofia ya mkono, ambaye baba yake alitoka pwani. Mzee akachota maharage. Mama wa vikombe akasema, "Ngoja kidogo, mzee wangu," akatoa chumvi yake akaiweka kwenye mzani.

Mzee akakunja uso. "Mama, mimi nauza hapa tangu hujazaliwa. Unanituhumu?"

"Wewe nakuamini. Huyu mzani ndiye sijaongea naye bado."

Watu wakacheka. Mshale ukapita nusu kilo. Mzee akaugonga mzani kwa kidole, akasema umechoka.

"Basi tumpe pole," akasema mama, "halafu uniongezee maharage."

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Unaona, bibi? Kabla hujaupa mzani mzigo usioujua, upe kitu unachokijua. Karatasi yangu ni hivyo hivyo. Imetungwa mbali kwa ajili ya watoto wa kwingine. Huko Kibondo wamewauliza watoto wa kambi ya wakimbizi kwa Kirundi. Hapa naambiwa Kiha na Kirundi ni kitu kimoja, niitumie tu. Ni kitu kimoja?"

"Ni nyumba mbili za ukoo mmoja," nikamwambia, "lakini milango haiangalii upande mmoja."

Alisimama katikati ya njia, akatoa daftari, akaandika maneno yangu. Mimi niliyeishia darasa la nne! Tangu siku hiyo nikawa miongoni mwa wazee saba walioketishwa ofisi ya kijiji kulisikiliza swali moja moja na kusema kama mtoto wa hapa atalielewa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani kila siku kwa wiki mbili. Nikipita njiani naulizwa, "Bibi Edina, unakwenda wapi?" najibu, "Kazini." Kiburi kilinipanda mpaka kwenye shingo, shingo ikawa haigeuki.

Maswali mengine yalikufa mikononi mwetu. Moja lilisema, "Je, huwa unapoteza vitu vyako?" Akaitwa kijana mmoja wa darasa la tatu kulijaribu. Kijana akafikiri sana, akauliza, "Vitu gani?" Mama wa vikombe akavua miwani akacheka mpaka machozi, kisha akalikata kwa kalamu nyekundu. Jingine: "Je, unachoka bila sababu?" Msichana akajibu, "Sababu ipo. Kuni." Likakatwa. "Je, unapenda kukaa peke yako?" Mtoto akatazama huku na huku. "Wapi?" Kwao wanalala kumi na mmoja.

Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kukosea kama yule. Alisema "Nimekosea!" kama mtu aliyekuta mzinga wa asali. Wataalamu wengine waliopita kwetu, ukiwaambia jambo lao haliendi hivyo, wanakutazama kama kuku aliyeingia sebuleni. Yeye siku ambayo hakukata swali hata moja alirudi amenuna, anasema tumemwonea huruma.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Chai ikiwa haina tangawizi alinung'unika mpaka jioni. Kuku aliwaogopa, mtu mzima, anainua miguu. Na yeye aliyeweza kumsubiri mtoto wa watu dakika kumi atafute neno, mwanawe alipompigia simu alimkatisha: "Haya, haya, nina kazi, mwambie baba yako." Nilimsikia mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Na huyo naye ni mtoto." Akanitazama, akaweka simu mkobani.

Sasa niseme vikombe. Mtoto wa miaka tisa ukimuuliza, "Ni mara chache, mara kadhaa au mara nyingi?" anakutumbulia macho. Kwa hiyo alikuwa na vikombe vitatu vya plastiki vya bluu. Kimoja kitupu, maana yake hapana kabisa. Kimoja nusu, maana yake mara mojamoja. Kimoja kimejaa, maana yake kila wakati. Mtoto anaonyesha kwa kidole, hasemi kitu. Na ndani ya vikombe aliweka yale maharage ya Kasulu.

Wiki ya kwanza shuleni akaja kwangu jioni, nimeinama kwenye moto, uso wake umemvimba kwa mawazo. "Bibi, kijiji hiki kina nini? Watoto wote wanaota ndoto mbaya kila siku. Wote wanaumwa tumbo kila siku. Wote wanalia kila siku."

Nikamuuliza walionyesha kikombe gani. Kilichojaa, akasema, wote, mpaka mwalimu mkuu ameogopa.

Nilicheka nikashika ukuta. "Mwanangu! Umemwekea maharage mtoto anayekula majani mwezi wa pili huu, halafu unamwambia achague kikombe. Wewe ungeshika kitupu?"

Akapiga makofi, "Nimekosea!" akavimimina vikombe vyote kwenye sufuria yangu.

"Hayo si ya kazi?"

"Pika, bibi."

Watoto wa majirani walifuata harufu, hawakuitwa. Tulikula mpaka ukoko wa sufuria. Kesho yake nilishuka mtoni nikachagua kokoto mimi mwenyewe, ndogo, zinazolingana, nikaziosha. Vikombe vikajazwa kokoto, na watoto wakaanza kusema kweli.

Wote, kasoro mmoja.

Kabla sijafika huko niseme habari ya salamu, maana mtu asiyetujua hataelewa kosa langu. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupita. Unasimama, unainama, mnapiga vikofi taratibu, unaulizwa nyumbani, unaulizwa watoto, unaulizwa ng'ombe hata kama huna, na kila swali jibu lake ni amahoro, amani. Hata kama ndani kuna maiti, kwanza unajibu amani, ndipo unasema tumefiwa. Yeye alijifunza salamu hizo zote, vikofi na kuinama, na kwa sababu hiyo alichelewa kila alikokwenda. Lakini alikuwa akisema, "Adui wa kazi yangu ni neno sijambo. Ni kifuniko. Kila sufuria ya hapa ina kifuniko chake, nami sina ruhusa ya kufunua. Namwomba mtoto afunue mwenyewe."

Na mtoto akifunua, yeye aliifunika tena kwa watu wengine wote. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye sikio refu, alimfuata na ndizi mkungu mzima, akamuuliza watoto wa wifi yake wamesema nini, maana pale kwa wifi kulikuwa na pombe na ngumi. Mama wa vikombe akapokea ndizi, akashukuru kwa vikofi, akasema, "Neno la mtoto ni la mtoto. Ukitaka kulisikia, kalisikie kwake." Jirani akarudi na hasira, anadai ndizi zake. Mimi nilicheka mno. Nilirudia maneno yale kisimani, kanisani, kila mahali, namwigiza sauti.

Nilikuwa na mjukuu nyumbani, yule Edina ninayeitwa bibi yake, miaka tisa. Mama yake ni binti yangu. Alipata mwanamume Buhigwe, na mwanamume yule akasema anaoa mke, haoi mke na mzigo. Binti yangu akaniachia mzigo. Hakuaga, alimwambia mtoto anakwenda kununua kiberiti.

Edina hakulia. Hilo ndilo nililojisifia kwa watu: mjukuu wangu hana makuu, halii. Lakini siku za gulio alikuwa anakaa kando ya barabara mpaka gari la kutoka Buhigwe lipite, ndipo anarudi. Alikuwa anaficha tonge la ugali ndani ya sketi, na ukimtikisa tonge linaanguka limekauka. Alikojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha tangu ana miaka mitatu. Niliyaona yote. Macho yangu wakati ule yalikuwa mazima.

Basi mama wa vikombe akatuita wazee mmoja mmoja, kila mtu peke yake, akauliza, "Hapa kijijini, watoto gani mnawaona wamebeba kitu kizito moyoni?" Nia yake ilikuwa ileile ya chumvi. Alitaka kujua kama karatasi itawaona wale ambao macho ya wazee yameshawaona. Nikamtajia wanne. Mtoto wa mlevi, nikamtaja. Mapacha wa mjane, nikawataja. Yule kijana aliyeungua, nikamtaja. Nilitaja watoto wa watu kama naita mbuzi zizini.

"Mwingine, bibi?"

"Hakuna."

Aliandika. Akaniuliza tena, "Hakuna?" Nikamwambia hakuna.

Nyumba yangu haikuwahi kusemwa. Mume wangu alipokufa haikusemwa, njaa ilipopiga haikusemwa. Nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi na kitenge changu, ningesemaje kwamba mtoto anayeozea moyoni ni wa kwangu?

Edina alipopangiwa siku yake ya kuulizwa, asubuhi nilimpaka mafuta, nikamshika kidevu. "Leo yule mama atakuuliza. Kila swali, kikombe kitupu. Umenisikia? Mtoto anayemwambia mgeni kwamba kwao kuna huzuni ametukana chungu kinachomlisha."

"Kila swali, bibi?"

"Kila swali."

Mtu akishiba kiburi husahau hata alichokishona mwenyewe. Ile karatasi haikuwa na maswali ya shida peke yake. Katikati yalipandwa maswali ya heri: una rafiki wa kucheza naye, huwa unacheka, unapenda kwenda shule. Yalipandwa makusudi, ili mtoto anayejibu kwa kufundishwa aonekane. Mama wa vikombe alitueleza hilo siku ya pili tu, nami nikatikisa kichwa kwa busara. Na lile la kumi na mbili lilikuwa la kwangu kabisa. Wao waliliandika kwa maneno magumu ya ofisini, mimi nikalinyoosha, nikasema ukimuuliza mtoto wa Kiha jambo hili lazima umtajie umutima, moyo wenyewe. Likawa hivi: "Je, nyumbani kuna mtu unayeweza kumwambia jambo linaloubana moyo wako?" Wazee wote walinipigia makofi.

Utaratibu ulikuwa mtu mzima wa nyumbani amwone mtoto lakini asimsikie. Nilisimama kwenye jiko la shule, wao wako chini ya ukuta wa darasa. Sikusikia neno, ila maswali nilikuwa nayajua kwa mpangilio wake kama sala ya Baba Yetu, basi nikahesabu kwa vidole. La kwanza, kitupu. La pili, kitupu. Nikafurahi. La tano, ambalo ni la rafiki, kitupu. Hapo nikakumbuka. Ningeweza kupiga kelele. Niliendelea kuhesabu. La kumi na mbili likafika. Mkono wake ulikwenda kwenye kikombe kitupu kabla yule mama hajamaliza kuuliza.

Wiki mbili baadaye wakarudia maswali yaleyale, maana mzani mzuri ukiupa mzigo uleule mara mbili unapaswa kusema karibu sawa. Wiki mbili zile ningeweza kumwambia mtoto, Edina, sema ukweli wako. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nikimgeuza sasa ndipo nitakapokamatwa. Akaonyesha kitupu tena, mpaka swali la mwisho.

Mama wa vikombe alikuja nyumbani. Alisalimu salamu nzima, nyumbani, watoto, ng'ombe, nami nikajibu amahoro, amahoro. Edina alikuwa hatua chache, anapepeta. Kisha mgeni akasema, polepole, "Bibi, kuna mtoto mmoja amenipa vikombe vitupu vyote, mara mbili. Amesema haogopi kitu, na amesema hana rafiki. Amesema haoti ndoto mbaya, na amesema hacheki. Mtoto wa namna hiyo sijamwona. Kuna mtu amemfundisha."

Nikasema, "Watoto wa siku hizi ni waongo, mwanangu. Usiwaamini."

Ungo ukanyamaza. Halafu ukaendelea.

Nimezika watu wengi, nimeomba chakula kwa adui yangu, nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya askofu. Hakuna kitu nilichofanya maishani kinachonichoma kama sentensi ile. Mtoto alinitii mpaka mwisho, nami nikampa uongo wangu aubebe.

Mama wa vikombe hakukunja uso. Ningependa angekunja. "Sitafuti mwongo," akasema. "Karatasi hizo mbili nitaziweka kando, hazitahesabiwa. Naomba tu niongee naye tena, bila vikombe. Akikataa, basi."

Majirani walikuwa wametega masikio, nikaona kukataa ni kujivua nguo. Nikasema sawa. Edina naye akatikisa kichwa kukubali. Wakaenda kwenye lile jiwe kubwa tunaloanikia muhogo, wakakaa wawili, migongo kwangu. Walikaa mpaka jua likahama jiwe. Mtoto alikuwa anaongea. Niliona mabega yanavyotikisika, na mikono, mikono ya Edina ambayo siku zote ilikaa imefumbatwa, inakwenda huku na huku. Tangu mama yake aende kununua kiberiti sijamwona akiongea hivyo. Mwishoni yule mama akatoa pakiti yake ya chumvi, akampa. Edina akaipima mkononi, akaikumbatia.

Waliporudi nikamvuta mgeni pembeni. "Amesema nini?"

Akasema, "Neno la mtoto ni la mtoto. Ukitaka kulisikia, kalisikie kwake."

Maneno yaleyale niliyokuwa nawaigizia watu kisimani. Kisha akakaa akaandika barua, akaikunja, akanipa kwa mikono miwili. "Hii umpeleke nayo hospitali, Kabanga, kuna mtu wa kuongea na watoto. Si ugonjwa wa aibu, bibi. Ni kama kupeleka mguu uliovunjika."

Barua ile niliichana vipande nikafungia ugoro. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito. Kwa wiki mbili ikaisha yote.

Alipopita tena kuaga, kazi yake imekwisha, karatasi yake imerekebishwa na kukubalika, aliuliza, "Mlikwenda?" Nikajibu, "Tulikwenda. Wamesema hana neno." Nikamfungia kuku wa kuondoka naye. Alimshika kwa kitambaa, kwa woga, akaondoka.

Na mimi sikwenda kulisikia kwake. Kila siku nilisema kesho. Nikianza kumuuliza, neno linanigeukia mdomoni linakuwa amri: osha vyombo, funga mbuzi. Yeye naye alinijibu kwa adabu. Adabu yake iliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka ikawa ukuta. Alipomaliza darasa la saba shangazi yake, dada wa baba yake, alikuja kutoka Kibondo kumchukua. Edina alifunga mizigo yake haraka kuliko ugali unavyoiva. Nilipotazama ndani ya mfuko wake nikaona pakiti ya chumvi, haijafunguliwa, imekuwa ngumu kama jiwe.

Sasa ana miaka kumi na sita, anajifunza kushona Kibondo mjini. Nampigia simu kila Jumapili.

"Edina, hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Kazi?"

"Nzuri."

"Una shida yoyote?"

"Sina, bibi. Shikamoo."

Simu inakatika. Ananipa kikombe kitupu, kingine kitupu, kingine kitupu, kama nilivyomfundisha.

Sasa hivi, msimu huu huu wa mahindi mabichi, nilikwenda Kabanga kwa ajili ya macho, maana yameanza kuweka ukungu. Nimekaa kwenye benchi na namba yangu mkononi, nikasikia sauti nyuma yangu, mtu anaongea na simu: "Niambie polepole, baba. Mama anakusikiliza. Sina haraka." Sauti niliijua, ile haraka yake tu ndiyo haikuwepo. Nikageuka. Kichwa kimeingia mvi, miwani imekuwa minene kuliko nitakayopewa mimi. Aliponitambua alikata simu kwa kuomba ruhusa kwanza, akasimama, akainama, akapiga vikofi, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwidiwe, bibi. Nyumbani?"

Mdomo ulishafunguka kusema amahoro. Nikaufunga. Nikamwambia, "Nyumbani hapana amani. Kaa."

Akakaa. Nikamwambia yote, kwa sauti, watu kwenye benchi wanasikia na wasikie. Kwamba niliyemfundisha Edina ni mimi. Kwamba niliyemwita mwongo ni mimi, naye anasikia. Kwamba barua yake niliifungia ugoro, na kwamba hospitali hatukukanyaga. Mzee mmoja jirani yetu kwenye benchi akaguna, "Eh, mama!" Nikamwambia, "Guna tena, nastahili."

Mama wa vikombe alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Nimekosea."

Safari hii hapakuwa na asali.

"Wewe umekosea nini?"

"Uliponiambia hana neno, nilijua ni kifuniko. Nilikuwa na gari linanisubiri. Nikapokea kuku."

Hakunifariji, nami namshukuru. Tulikaa hivyo, wazee wawili, kila mmoja na lake. Nikaona nina nafasi moja tu, nesi alikuwa ameshaita namba mbili kabla ya yangu.

"Nina swali," nikasema. "La kumi na mbili. Ulimuuliza tena, siku ile kwenye jiwe?"

"Nilimuuliza."

"Kile kikombe kitupu nimekitazama miaka saba. Nataka kujua kitu kimoja tu. Alikionyesha kwa sababu nilimwamuru, au kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kwamba ndani ya nyumba yangu hapakuwa na mtu? Niambie. Mimi ni bibi yake. Nitakufa."

Nilimshika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Nesi akaita namba yangu. Sikuinuka. Akaita tena.

Akafunika mikono yangu kwa mkono wake mwingine, akanitazama kwa upole, akasema, "Neno la mtoto ni la mtoto. Ukitaka kulisikia, kalisikie kwake."